Asilimia Thelathini na Moja

Umeme umekatika tangu juzi huku juu Svaneti,
theluji imelaza nguzo mbili bondeni,
nami nimepanda saa saba kwa gari la maziwa,
kompyuta ya kilo tatu na ushei mapajani,
nzito kama mtoto aliyelala.

Betri: thelathini na moja.

Ilikuwa sitini na nane nilipotoka Kutaisi.
Nani ameinywa? Njiani nimeandika barua mbili tu.
Natafuta, namkuta mwizi:
kipande cha waya wa projekta
nilichokisahau kwenye tundu la ubavuni.

Ndani humu wanaishi wawili.
Mdogo amejibanza pembeni ya ubongo wa mashine,
anakula punje, anachora herufi na majedwali,
hatoi jasho, hasemi.
Mkubwa ana chumba chake, shaba yake, feni zake mbili.
Mwamshe, atakugeuzia mlima mzima kwa kidole,
lakini hula sufuria nzima na mwiko akaulamba.
Waliomtengeneza waliapa: pasipo kazi, atalala.
Kweli hulala. Usingizi wa paka.
Waya mmoja, dirisha moja lililoachwa wazi,
naye yu macho,
anakula gizani.

Nilikuwa na miaka tisa miaka ile ya giza.
Baba alishika kile kigurudumu cha utambi wa chemli,
akaniuliza kila jioni, bila mzaha:
"Unasoma, Makvala, au unatazama tu?"
Nikisoma, aliupandisha. Nikitazama, aliushusha.
Nilijifunza kusema uongo kwa macho.

Sasa wako darasani watu ishirini na wawili, makoti hawajavua.
Wamekuja kuuona mteremko ulio juu ya paa hili hili.
Nikimpa kazi mkubwa, mlima utazunguka laini kama malai
kwa dakika kumi na moja,
kisha kioo cheusi na nyuso zetu ndani yake.
Nikimwachia mdogo ninayo saa nzima,
ila picha itakwama, itaruka, itakwama.

Namfungia mkubwa nje. Hilo halifanyiki mpaka uzime, uwashe.
Kuwasha peke yake kumekula mbili.
Ishirini na tisa.

Mlima: kipande.
Kimya.
Kipande.
Udongo wa kahawia unateremka hatua moja, unasimama
kana kwamba umesahau kitu nyumbani,
unateremka tena.
Uso unanipanda moto. Naomba radhi:
"Mashine hii ikiwa na umeme wa kutosha..."

"Usiombe," anasema Bimurza, aliyeendesha tingatinga miaka thelathini.
"Ndivyo unavyokuja.
Mwaka ule ulionichukulia kaka yangu
ulisimama nyuma ya zizi usiku kucha.
Tukasema umekwisha.
Tukaingia ndani, tukabandika chai."

Hakuna anayekohoa.
Tsiuri, mke wa mwalimu, anapenya kati ya mabega:
"La kwangu liko wapi, zizi?"
Namwonyesha. Analigusa,
anaacha alama ya unga juu ya kioo,
na udongo unafika kwenye alama ile, unasimama.

Pembeni chini mashine inasema: zimebaki dakika arobaini.
Nikiusogeza mlima inasema ishirini na sita.
Nikiuacha, sabini.
Inapiga hesabu kwa ulaji wa dakika iliyopita,
haijui nitakachoulizwa.

"Na wenyewe?" anauliza kijana mmoja mlangoni.
"Wenyewe umebakiza muda gani?"

Jibu ninalo, ukurasa wa arobaini na nne,
lina hadi nukta na tarakimu mbili nyuma yake.
Nilipolipata feni zote mbili zilikuwa zinavuma,
soketi ukutani, chai mezani,
nami sikumbuki kama nilikuwa nasoma
au natazama tu.

Nashusha mwanga wa kioo kidogo.
Kidogo tena.
Wanasogea karibu.